Hita ya tangi la samaki: historia ya kifaa kinachosubiri kuharibika

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa na baadhi yenu mmeniandikia mkiuliza kama nimeacha. Sijaacha. Nilikuwa na msiba mdogo nyumbani, msiba wa samaki, na tangu hapo nimekuwa nikisoma historia ya kifaa ambacho sikuwahi kukifikiria hata kidogo: hita ya tangi la samaki. Leo hakuna seva wala programu. Au zipo, lakini kwa mbali. Mtaona.

Kisa chenyewe ni hiki. Naishi Nairobi, ghorofa ya tatu, na sebuleni nina tangi la lita 100. Ndani yake kulikuwa na samaki kumi na wanne. Sita kati yao walikuwa furu (Wajaluo huwaita fulu), wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria, nilioletewa na rafiki yangu wa Kisumu. Jike mmoja alikuwa amebeba mayai kinywani, maana furu hulea mayai na vifaranga vyao mdomoni. Julai, kama mjuavyo, Nairobi ina baridi ya kuuma na usiku joto huweza kushuka hadi nyuzi 12 au chini ya hapo, kwa hiyo tangi la samaki wa ziwani haliwezi kukaa bila hita. Nikasafiri kwenda mazishini mashambani, Ijumaa hadi Jumatatu. Niliporudi nilikuta kioo kimejaa mvuke. Kipimajoto kilisoma nyuzi 41. Mlinzi wa jengo, aliyenisaidia kupandisha mizigo, alichungulia akaniuliza kwa upole, "Mkubwa, hawa umewapika?"

Ndivyo ilivyokuwa. Niliwapika.

Jioni ile niliifungua hita kwenye meza ya jikoni. Haikuwa na mengi ndani: bomba la kioo, waya uliozungushwa kwenye kijiti cha udongo wa kauri, na juu yake utepe mdogo wa metali wenye ncha mbili za kugusana. Zile ncha, ndogo kuliko punje ya mtama, zilikuwa zimeshikana kana kwamba fundi amezichomelea. Nilizisukuma kwa kucha, hazikuachana. Kwa hiyo wati 200 zilikuwa zikiingia majini usiku na mchana bila mtu wa kuziambia basi, yatosha.

Hita ilikuwa na umri wa miaka 2 tu. Nikajiuliza swali ambalo sisi waandishi wa programu hujiuliza kila mfumo unapoanguka: ni nani aliyeamua kwamba kifaa hiki kikiharibika, kiharibike kikiwa kimewaka? Kulijibu kumenirudisha hadi karne ya 17.

Mtu wa kwanza anayejulikana kutengeneza kifaa cha kujitawala joto ni Cornelis Drebbel, Mholanzi aliyezaliwa mwaka 1572 na kufanya kazi miaka mingi Uingereza. Huyu ndiye aliyejenga pia chombo cha kupita chini ya maji katika mto Thames. Alitengeneza tanuri la kutotolea mayai. Ndani yake aliweka chupa ya kimiminika kilichotanuka kikipata joto, kikasukuma zebaki, zebaki ikainua kijiti, na kijiti kikafunga mlango wa hewa ya moto. Moto ukipungua, mambo yalirudi kinyume. Hakukuwa na mtu wa kukaa macho. Ukitazama vizuri, hiyo ni programu ya mstari mmoja: joto likizidi, punguza moto.

Kipande cha pili kilitoka kwa fundi wa saa. John Harrison alitumia miaka 19 kujenga saa yake ya tatu ya baharini, iliyomalizika mwaka 1759, na tatizo lake moja lilikuwa kwamba springi ya saa hubadilika joto linapobadilika. Akaunganisha ukanda wa shaba ya njano na ukanda wa chuma cha pua. Shaba hutanuka zaidi kuliko chuma, kwa hiyo ukipasha utepe huo unapinda kuelekea upande wa chuma. Mwaka 1830 Andrew Ure, mkemia wa Scotland, alipata hataza ya kutumia utepe wa namna hiyo kuongoza joto la viwandani, na neno themostati ndipo lilipoanza safari yake. Utepe niliokuta ndani ya hita yangu ni mjukuu wa moja kwa moja wa ule wa Harrison.

Samaki wa nyumbani walikuja baadaye kidogo. Mwaka 1850 Robert Warington, mkemia wa London, alieleza jinsi alivyoweka samaki, mimea na konokono pamoja katika chombo cha kioo bila kubadilisha maji kila siku. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki kwa umma, na mwaka uliofuata Philip Henry Gosse akachapisha kitabu kilichowatia Waingereza wazimu wa matangi. Lakini samaki wao walikuwa wa nchi za baridi, wa mito ya kwao na wa pwani ya kwao. Hakuna aliyehitaji hita.

Hita ilianza kuwa shida pale Wazungu walipoanza kutamani samaki wa nchi zetu za joto. Paris mwaka 1869 Pierre Carbonnier alipokea samaki wa mashariki ya Asia, wale wenye mapezi marefu, akawazalisha. Hao walivumilia baridi kiasi. Waliofuata kutoka Asia ya kusini, Amerika na Afrika hawakuvumilia. Sasa utafanyaje sebuleni mwako, Berlin au Philadelphia, theluji ikianguka dirishani?

Walichofanya ni kile ambacho mama yangu angefanya: waliweka moto chini. Matangi ya wakati huo yalikuwa na fremu ya chuma na mara nyingi sakafu ya jiwe bapa jeusi au ya metali, kwa hiyo taa ya mafuta au mwale mdogo wa gesi uliwekwa chini ya tangi usiku kucha. Wengine walikuwa na koni ya metali iliyoingia majini kutoka chini, mwale ukiwa ndani yake. Na mtu akiwa na taa, mtawala wa joto ni yeye mwenyewe: analala akiomba utambi usizimike wala usipande. Natamani kuwacheka lakini siwezi. Taa ya mafuta ina tabia moja ambayo hita yangu haikuwa nayo. Mafuta yakiisha, inazima.

Umeme ulibadilisha mambo kwa sababu ya waya mmoja. Mwaka 1906 Albert Marsh wa Marekani alipata hataza ya mchanganyiko wa nikeli na kromiamu, takriban asilimia 80 kwa 20, unaoitwa nikromu. Kabla yake nyaya za kupashia joto ziliungua upesi zikiwa hewani. Nikromu inapopata moto hujifunika ngozi nyembamba inayoizuia isiliwe na hewa. Toasta, pasi, jiko la umeme, vyote vinamdai Marsh shukrani, na hita ya samaki pia. Wapenzi wa samaki walichukua waya huo, wakauzungushia kitu kisichoungua, wakautia ndani ya bomba la kioo, wakajaza mchanga mkavu, wakaziba kwa kizibo cha mpira, wakalizamisha.

Hapa nataka msome polepole, kwa sababu ndipo penye jambo lenyewe. Hita hizo za kwanza hazikuwa na themostati ndani. Themostati ilikuwa kifaa kingine, bomba lingine lililoning'inia ukingoni mwa tangi. Mtu aliyefuga samaki Uingereza katika miaka ya 1950 alinunua vitu viwili na kuviunganisha kwa waya: hita ya kuzama na themostati ya kuning'iniza, na mara nyingine themostati moja iliongoza hita za matangi kadhaa. Ilikuwa kazi ya kuchosha, nyaya kila mahali. Lakini kila kipande kilikuwa na kazi yake na ungeweza kukibadilisha peke yake. Themostati ikikutia shaka, unaitupa yenyewe, hita inabaki.

Ndani ya themostati hizo kulikuwa na ujanja mdogo unaostahili heshima. Utepe hupinda polepole. Ukiziacha ncha zikaribiane polepole, cheche ndogo zitaruka kati yake kila mara, na kila cheche inayeyusha kidogo uso wa metali. Kwa hiyo watengenezaji waliweka sumaku ndogo karibu na ncha, ili zikikaribiana zivutwe kwa ghafla, na zikiachana ziachane kwa ghafla. Wakaongeza na kapasita ya kuzima cheche, kwa sababu bila hiyo redio ya jirani ilikoroma kila hita ilipowaka na kuzima. Mpaka leo ukisikia redio yako ya masafa ya kati ikitoa mkwaruzo mfupi kila baada ya dakika kadhaa, tazama hita ya karibu yako.

Kisha mtu akapata wazo la kuokoa waya na pesa: themostati na hita ziingie katika bomba moja. Ndiyo hita tunayoijua sote, yenye kigurudumu cha kuchagua nyuzi juu na taa nyekundu ndani. Inauzwa kwa bei nafuu, mtoto anaweza kuifunga, na ndiyo iliyofanya samaki wa nchi za joto kuwa kitu cha kila nyumba. Lakini tazameni kilichotokea. Utepe unaotakiwa kupima joto la maji sasa unakaa sentimita chache juu ya waya unaowaka. Unapata joto la waya kabla ya joto la maji, kwa hiyo unazima mapema, unapoa, unawasha tena. Tuseme unafanya hivyo mara 50 kwa siku. Kwa mwaka ni mara 18,250, na kila mara kuna cheche. Ncha zinachimbika, zinakuwa na vinundu, na siku moja vinundu vinayeyuka pamoja na havitengani. Kifaa cha kupima na kifaa cha kupasha vimekufa kwa pamoja, na hakuna wa tatu wa kushuhudia.

Tena kumbukeni, hiyo si njia pekee ya kufa. Waya unaweza kukatika, na hapo hita inazima tu, samaki wanapata baridi na madoa meupe ya ugonjwa. Kizibo kinaweza kuvuja, maji yakaingia. Mtu anaweza kupunguza maji wakati wa kusafisha akasahau kuchomoa hita, kioo kikapata joto hewani, akamwaga maji baridi, pwaa! kikapasuka. Lakini kati ya vifo vyote hivyo, kile cha kushikana ncha ndicho kinachoua tangi zima, na ndicho kisichotoa dalili. Taa nyekundu inawaka kama kawaida.

Mtu atasema, hiyo ni teknolojia ya zamani, leo kuna elektroniki. Kweli, hita nyingi mpya zimeacha utepe. Zina kihisi kidogo ambacho ukinzani wake hubadilika na joto, na swichi ya silikoni isiyo na ncha za kugusana, iitwayo traiaki. Hakuna cheche. Nilifurahi mpaka niliposoma jinsi traiaki zinavyokufa. Zikipigwa na mshtuko wa umeme, kwa kawaida hufa zikiwa zimefunga njia, yaani umeme unapita moja kwa moja. Ugonjwa uleule, mgonjwa tofauti. Rilei za kwenye vidhibiti vya kidijitali nazo zina ncha, na ncha zake hushikana kama za babu yake.

Wala si bidhaa za vichochoroni pekee zenye matatizo. Mwaka 2011 kampuni ya United Pet Group ya Marekani iliwataka wateja warudishe hita zaidi ya milioni 1 zilizouzwa kwa jina la Marineland, kwa sababu hitilafu katika nyaya zake ingeweza kuzifanya zipate joto kupita kiasi au kuvunjika. Hizo hazikuwa za bomba la kioo. Zilikuwa na gamba jeusi la plastiki, yaani udhaifu wa kioo ulikuwa umeondolewa. Ukiondoa udhaifu mahali pamoja, unahamia mahali pengine.

Wenzangu wa fani ya programu watakumbuka kisa kingine chenye sura hiyohiyo, tena kizito zaidi kwa maana ni watu walioumia. Therac-25 ilikuwa mashine ya mionzi ya kutibu saratani, iliyotengenezwa Kanada. Mashine iliyoitangulia ilikuwa na vizuizi vya umeme na vya kimekanika vilivyozuia mionzi isizidi hata programu ikikosea. Katika Therac-25 vizuizi hivyo viliondolewa na kazi yake ikakabidhiwa programu. Kati ya 1985 na 1987 wagonjwa wasiopungua sita walipata mionzi kupita kiasi, na baadhi yao wakafa. Programu ya mashine ya zamani ilikuwa na makosa pia, lakini kizuizi cha nje kiliyameza. Silinganishi samaki na binadamu, msinielewe vibaya. Nalinganisha uamuzi: kuchukua kazi ya kutenda na kazi ya kulinda, na kuzitia katika bomba moja kwa sababu ni nafuu.

Kwa wengi wetu tangi ni pambo la sebuleni, na samaki wakifa unanunua wengine. Kwa furu si hivyo, na ndiyo maana msiba wangu uliniuma. Ziwa Victoria lilikuwa na aina zaidi ya 500 za samaki hawa, karibu wote wasiopatikana kwingine kokote duniani. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 mbuta, ambaye Watanzania humwita sangara, aliingizwa ziwani. Kwa miaka 20 alionekana hana neno. Miaka ya 1980 akalipuka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, waliokuwa wamepiga kambi Mwanza tangu 1977 kuwahesabu furu, walijikuta wakihesabu kutoweka kwao. Inakadiriwa kwamba aina zipatazo 200 zilipotea. Sangara hakuwa peke yake katika kosa hilo: maji yalichafuka, uvuvi ukazidi. Tijs Goldschmidt, mmoja wa watafiti hao, aliandika kitabu kizima kuhusu miaka ile.

Sasa, baadhi ya furu walikuwa wamechukuliwa wakiwa hai. Walizalishwa Leiden, na kuanzia miaka ya 1990 bustani za wanyama na majumba ya samaki ya Amerika Kaskazini zilikuwa na mpango wa pamoja wa kuwatunza. Fikirini maana yake. Samaki wa Winam na Mwanza, ambao mvuvi wa Dunga leo hawezi kuwapata wavuni, vizazi vyao vikiishi katika matangi ya nchi za theluji, na kati yao na kutoweka kuna pampu, watu wachache wenye moyo, na hita. Nilipofikiria hivyo sikuweza tena kusema "ni hita tu".

Haya, tuje kwenye hesabu, maana nilikaa nazo usiku tatu. Nilijaza tangi maji tu, nikayapasha hadi nyuzi 26, nikazima hita na kuandika joto kila saa huku chumba kikiwa nyuzi 18. Nikapata kwamba tangi langu linapoteza takriban wati 7.5 kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya maji na chumba. Lako litakuwa na namba yake, kulingana na ukubwa, kioo na kifuniko. Lakini ukishakuwa na namba hiyo, unajua yote. Kulinda nyuzi 26 katika chumba cha nyuzi 18 ninahitaji 8 mara 7.5, yaani wati 60. Nilikuwa nimeweka 200! Muuzaji aliniambia kubwa ndiyo bora, haifanyi kazi kwa nguvu, na mimi mwenye shahada nikakubali.

Hita ya wati 200 ikikwama ikiwaka, maji yatapanda mpaka yapoteze wati 200, yaani nyuzi karibu 27 juu ya chumba. Kumi na nane na 27 ni 45. Uvukizi ulipunguza kidogo ndipo nikakuta 41. Hesabu ilikuwa imeandikwa tangu siku niliponunua, mimi ndiye sikuisoma.

Sasa jaribu hita mbili za wati 50 kila moja, moja kila upande wa tangi. Pamoja ni wati 100, zinatosha. Moja ikifa kabisa, iliyobaki inashikilia nyuzi 6 au 7 juu ya chumba, yaani karibu nyuzi 25 usiku wa Julai. Moja ikikwama ikiwaka, nayo peke yake haiwezi kuvuka hapohapo 25, na nyenzake inazima kwa kuwa maji yameshatosha. Hata mchana wa joto, chumba kikiwa nyuzi 24, hita iliyokwama itafika nyuzi 31 hivi. Samaki watahema, lakini utawakuta hai. Sijaona kinga nyingine ya bei rahisi kama hii. Haina programu, haina kihisi, haiharibiki. Ni ukubwa tu.

Juu ya hiyo nimerudi miaka ya 1950. Nimefunga kidhibiti cha nje, chenye kihisi chake majini mbali na hita, na soketi za hita zote mbili zinapitia kwake. Hita zenyewe nimeziweka nyuzi 26, kidhibiti kikate kikifika 28. Kwa hiyo siku za kawaida utepe ndio unaofanya kazi, na rilei ya kidhibiti inakaa tu bila kucheza, haichoki. Ili samaki wapikwe, lazima viwili vishikane kwa wakati mmoja. Watu wenye matangi makubwa siku hizi wananunua hita za titani zisizo na themostati ndani kabisa, wakazitawala kutoka nje. Wauzaji wanaziita za kisasa. Babu wa Uingereza wa mwaka 1955 angecheka. Ila ukinunua za aina hiyo kumbuka kidhibiti ndicho mlinzi pekee, kwa hiyo weka viwili.

Mambo mengine ni ya mkono tu. Kipimajoto cha kioo cha bei ndogo, kisichohusiana na hita wala kidhibiti, na kukisoma kila asubuhi kabla ya chai. Kuchomoa hita kabla ya kutia mkono majini, na kuiacha robo saa ipoe kabla ya kuitoa nje. Waya uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone linalotambaa lidondoke sakafuni badala ya kuingia ukutani. Umeme wetu ni volti 240 na fyuzi ya plagi haikuwekwa kumwokoa mtu, kwa hiyo ile swichi ya kinga inayokata umeme unapovuja kwenda ardhini ni ya lazima. Na hita ibadilishwe kabla haijafa. Mimi nimejiwekea mwaka mmoja na nusu, nabadilisha moja kwa zamu ili zisizeeke pamoja.

Mtaniuliza kuhusu stima kupotea, kwa sababu hapa kwetu hilo ndilo kila mtu analoogopa. Juni 7, 2016 tumbili alipanda paa la kituo cha umeme cha Gitaru kule mto Tana, akaangukia transfoma, na nchi nzima ikawa giza kwa saa kadhaa (tumbili alipona, msihofu). Agosti 25, 2023 nchi ilizimika tena, na sehemu nyingi zikakaa hadi siku iliyofuata. Kwa namba za tangi langu, saa 4 bila umeme katika chumba cha nyuzi 18 zinashusha maji kutoka 26 hadi 24 tu. Saa 16 zinayafikisha 21. Maji ni mazito kupoa, na ukizungushia blanketi yanakaa zaidi. Kinachobana kwanza ni hewa, si baridi, kwa kuwa pampu nayo imezima. Nairobi iko mita 1,700 na ushei juu ya bahari, kanieneo ya hewa ni pungufu karibu moja ya tano, kwa hiyo hata maji yaliyotulia yana oksijeni kidogo kuliko ya Mombasa. Nimenunua pampu ndogo ya hewa ya betri, basi. Chupa za maji ya moto zinazoelea juu nimezijaribu pia, zinasaidia kidogo, ila usimwage maji ya moto ndani moja kwa moja.

Kwa maneno mengine, kwa miaka yote nilikuwa nikiogopa stima ikipotea, nayo hainiui haraka. Iliyoniua ni stima iliyokuwepo siku tatu mfululizo bila kukatika hata mara moja. Ingekatika Jumamosi usiku, pengine yule jike angekuwa hai.

Kwa sasa tangi lina maji, mimea na hita mbili, bila samaki hata mmoja. Naliacha hivyo hadi mwisho wa mwezi. Juzi nilikwamisha hita moja makusudi, nikaichomeka moja kwa moja bila kidhibiti na kigurudumu chake nikakizungusha mpaka mwisho, nikaenda kazini. Jioni maji yalikuwa nyuzi 27. Rafiki yangu wa Kisumu ameshanipigia mara mbili akiuliza aniletee lini.